Lipu ya Ukuta wa Kaskazini

Nyamihanda, Ukerewe
Jumamosi, 14 Januari 2023
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo wa ziwani, hakuna mvua.

Kaka Gosbert,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Favour. Nimeacha kukupigia simu kwa sababu mara ya mwisho tulipigiana kelele robo saa nzima na nikakata bila kujua kama mguu wako umepona au umekatwa. Tuandikiane. Elias, karani wa meli, amekubali kubeba barua kati ya Nansio na Mwanza.

Sisi hatujambo. Mihogo ya bondeni imeoza kwa mvua za mwezi uliopita. Mjukuu wangu ameanza shule, analia hadi kona ya zahanati, akifika pale ananyamaza mwenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Kanisa letu litatimiza miaka 125 mwakani, na jimbo limeturuhusu kulikarabati. Kamati imeundwa, mwenyekiti ni mzee Alexander, na mimi nimechaguliwa katibu. Baba alikuja kisiwani hapa kutoka Kagera na mwiko mmoja wa uashi, na watu walituita wa kuja mpaka nikamaliza kidato cha nne. Leo mtoto wake ndiye anashika faili la parokia. Nilitaka ujue.

Nimepewa pia kuandika historia. Kitabu cha misheni kinataja kila Bradha wa Kijerumani kwa jina, aliyechora ramani na aliyesimamia tanuru. Waliofyatua matofali wameandikwa "watu sitini".

Tatizo letu kubwa ni ukuta wa kaskazini. Lipu inamenyeka mpaka usawa wa kifua changu. Lipu ile aliipiga baba mwaka 1971, na wewe ndiye ulikuwa ukimchanganyia. Alitumia nini? Tuandikie kwa kirefu.

Msalimie Favour na majirani.

Mdogo wako,
Prudencia


Igoma, Mwanza
2 Februari 2023

Mdogo wangu Prude, au niseme Mheshimiwa Katibu,

Marahaba. Mguu upo. Ila masikio yamestaafu kabla yangu. Favour ameajiriwa duka la vifaa vya ujenzi hapa Igoma, anauza misumari kwa watu ambao hawajui kuipiga. Adoyo anakusalimu sana. Amekufungia unga wa mtama wa kwao Rorya, uko kwenye mfuko wa bluu, mwambie Elias asiukalie.

Kuhusu ukuta: MSIPIGE SIMENTI. Nimepiga mstari ili mtu asiruke.

Ukuta ule umekaa juu ya mawe matupu. Unavuta unyevu kutoka chini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Hauzuiliki, ulianza kuvuta kabla ya baba kuzaliwa. Lipu ya chokaa inauacha uteme maji nje pole pole. Simenti itayafungia ndani. Mtaona pazuri mwaka mmoja, mtapiga picha, halafu tofali litaoza likiwa limevaa suti.

Chokaa ile tuliichoma wenyewe. Unakusanya makombe ya konokono ufukweni, unayaosha mchanga, unayapanga kwenye tanuru, tabaka la kuni, tabaka la makombe, unachoma siku mbili. Yakipoa unayatia maji shimoni. Yanachemka yenyewe, watoto wakae mbali. Unafunika shimo miezi mitatu. Baba alikuwa akichoma mwiko ndani, ukitoka umepakwa kama siagi anasema tayari. Kwanza banduni lipu yote ya chini, ukuta ukae uchi kiangazi chote ukauke.

Prude, nina ombi. Sijaingia mlango wa kanisa lile tangu 1994. Unajua yote: Anastella tuliyefunga naye ndoa pale aliondoka, nikaishi na Adoyo, na Adoyo ni Msabato, nikaambiwa nikae mbali na meza ya Bwana. Sikubisha. Sitaki kukaa mbele na sitaki jina langu litajwe kwenye jubilei. Ila nina miaka sitini na minane na sijawahi kumwonyesha mtu mwingine kazi ile. Kamati ikikubali nitakuja kuchoma chokaa mimi mwenyewe, bure, nitalala hata stoo. Nataka kupiga lipu ya baba mara moja kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Wasomee barua hii neno kwa neno. Usiifupishe kama unavyofupisha mihtasari yako.

Kaka yako,
Gosbert


Nyamihanda
Jumapili, 30 Aprili 2023
Asubuhi: mvua kubwa tangu alfajiri, imekatika saa tatu.

Kaka Gosbert,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa na malaria, kisha Pasaka, kisha mikutano ya kamati mfululizo. Nafurahi kusikia Favour amepata kazi. Mjukuu sasa haendi shule akilia, amehamishia kilio wakati wa kurudi.

Barua yako ilifika salama. Kama daftari langu linavyoonyesha, ilisomwa kwenye kikao cha tarehe 18 Februari. Wajumbe waliisikiliza na wanashukuru kwa ushauri. Hata hivyo, muumini mmoja mwenye duka Nansio ametoa mifuko mia mbili ya simenti, na wengi wameona si vizuri kukataa sadaka ya mtu. Yupo pia fundi, Nkwabi, kijana wa Magu mwenye cheti, na amesema simenti inafaa. Kuhusu wewe kuja, wameona safari itakuchosha.

Usihuzunike, kaka. Ndivyo kamati zilivyo.

Msalimie Favour.

Prudencia


Igoma
11 Mei 2023

Prude,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikamsomea Adoyo. Anakusalimu. Anauliza kama unga ulifika.

Sawa. Kama wamesikia na wamekataa, wamekataa. Nilichotaka ni wasikie. Ila nimekaa hapa kibarazani najiuliza mzee Alexander alisema nini. Yule alikuwa kijana wakati tunachoma tanuru, alibeba makombe pamoja na mimi na aliungua mguu kwa chokaa, alama lazima bado anayo. Naye alisema safari itanichosha? Niandikie maneno yake, hata kama ni mabaya. Nayaweza.

Na kama barua haina kazi tena, nirudishie. Nilieleza mle jinsi ya kuchoma kuliko nilivyowahi kueleza kwa mdomo. Favour ataitunza.

Gosbert


Nyamihanda
Jumapili, 10 Septemba 2023
Asubuhi: jua kali, ziwa limetulia.

Kaka,

Shikamoo. Miezi imepita, na kosa ni langu. Tulikuwa na ujenzi.

Habari njema: kazi imekwisha. Lipu ilianza kupigwa mwezi wa saba, na kanisa lote limepakwa rangi ya maziwa na mstari wa bluu chini. Askofu alipita wiki iliyopita, akasimama upande wa kaskazini akapiga makofi. Akina mama wa WAWATA walitandaza kanga kutoka barabarani mpaka mlangoni. Nilisoma historia niliyoiandika, kurasa sita. Nimemtaja baba: "Marehemu Muganyizi, mwashi." Watu waligeuka kunitazama.

Barua yako ipo kwenye faili, nitakuletea siku nikija Mwanza.

Msalimie Favour.

Prudencia


Nyamihanda
Jumatano, 27 Desemba 2023
Asubuhi: mvua, siku ya kumi na moja mfululizo.

Kaka Gosbert,

Shikamoo, na heri ya Noeli. Huku njia ya Nansio imekatika mara mbili. Mwanangu hakuweza kuja sikukuu.

Lazima nikuambie, maana utasikia kwa wengine. Ukuta wa kaskazini umevimba. Ulianza mwezi wa kumi na moja, tumbo dogo karibu na dirisha la tatu. Tarehe 19 usiku lipu ilianguka kipande kimoja kikubwa kama mlango, na kimeondoka na uso wa matofali. Ndani tofali ni unga. Unaweza kulichota kwa kijiko. Tumeegemeza mirunda kwa nje na misa ya Noeli tumesalia chini ya turubai. Bibi mmoja wa WAWATA alilia akaniambia, "Katibu, watu wetu walibeba matofali haya kichwani, sisi tumeshindwa hata kuyalinda."

Kamati imemwondoa fundi Nkwabi. Wanasema alipunja mchanganyiko. Ameondoka na mabegi yake akiapa kwamba alichanganya sawasawa.

Sasa nakuuliza kama fundi: ukuta huu unaweza kuokolewa?

Prudencia


Igoma
20 Januari 2024

Prudencia,

Marahaba. Favour hajambo. Adoyo hajambo, anakusalimu, na safari hii nilimwambia asikusalimu, akasema salamu si yangu ni yake.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alikuja dukani kwa Favour kuulizia kibarua. Favour akamuuliza katoka kazi gani, akasema Ukerewe, kanisa la Nyamihanda. Akamleta nyumbani. Ndiye Nkwabi wako.

Nilimuuliza kwa nini alipiga simenti baada ya kusikia barua yangu. Akasema kitu, sikusikia. Akarudia. Mwisho Adoyo akamwambia, "Baba, mpigie kelele sikio la kulia, hilo lina uhai kidogo." Akapiga kelele mpaka muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara akageuka: "MZEE, HAKUNA BARUA ILIYOSOMWA! NILIKUWEPO VIKAO VYOTE!" Wapangaji wakatoka nje. Yule wa chipsi sasa kila nikipita ananiuliza kama barua imeshasomwa.

Kijana haongopi. Nimemjaribu. Nilimpa mchanga na simenti achanganye mbele yangu, na alichanganya sawasawa. Angejua habari ya ukuta ule asingepiga, ameniambia hivyo akiwa na machozi. Watu watatu wameshamnyima kazi kwa sababu ya jina alilopewa huko kwenu.

Miezi minane nimeamini mzee Alexander alinisikia akanikataa. Alipofiwa na mkewe mwezi wa nane sikutuma hata rambirambi.

Ukuta unaweza kuokolewa. Sitasema namna yake katika barua hii. Namna yake iko kwenye barua ile nyingine.

Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza iko wapi.

Gosbert


Nyamihanda
Jumatatu, 26 Februari 2024
Asubuhi: ukungu ziwani mpaka saa mbili, kisha jua. Hakuna upepo.

Kaka Gosbert, na shemeji Adoyo,

Shikamooni. Shemeji, unga wa mtama ulifika tarehe 6 Februari mwaka jana. Tulipika uji mwezi mzima na mjukuu wangu aliupenda kuliko wa mahindi. Sikukushukuru. Umenisalimu mara zote na sikukujibu hata mara moja, na si kwa kusahau. Miaka thelathini nimekuwa nikisema "msalimie Favour" kana kwamba Favour alijizaa mwenyewe.

Kaka, barua yako ya tarehe 20 Januari nilikaa nayo wiki tano. Nilianza kuijibu mara nne. Katika zote nne nilikuwa mgonjwa au nina shughuli nyingi, nikazichana. Sasa nakuambia ilivyokuwa.

Tarehe 18 Februari mwaka jana nilikwenda kikaoni na barua yako mkobani. Nilikuwa nimeisoma nyumbani kwa sauti ili nisikwame. Tulipofika kwenye ajenda ya ukuta nikaitoa. Kabla sijaifungua, mjumbe mmoja akatania, "Katibu, isije ikawa ya yule kaka yako wa Igoma. Yule mkewe anasali Jumamosi, sisi tunasali Jumapili, yeye anapumzika siku zote mbili." Wakacheka. Mzee Alexander hakucheka. Aliniuliza tu, "Ni barua ya nani, Prudencia?"

Nikasema, "Ni ya mwanangu. Mambo ya nyumbani." Nikairudisha mkobani.

Basi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa katibu kwa wiki sita tu, na nilitaka waendelee kuniona ni mwenzao. Niliogopa kwamba nikisema jina lako watakumbuka sisi ni nani. Jioni ile nikafungua daftari langu, lile ambalo halisomwi na mtu, nikaandika: "Barua ya G. imesomwa." Nimelitazama tena juzi. Mwandiko ni mzuri, haujatetemeka popote. Nilijidanganya mahali ambapo hakukuwa na wa kumdanganya, na miezi miwili baadaye nikakutajia daftari hilohilo kama ushahidi.

Mzee Alexander hakusema safari itakuchosha. Maneno yale niliyatunga mimi.

Jana, Dominika ya pili ya Kwaresima, baada ya matangazo niliomba nafasi. Padre alidhani ni habari ya michango ya turubai. Nilisimama mbele nikasema, "Nina barua ya kaka yangu Gosbert, mwana wa Muganyizi, kuhusu ukuta wa kaskazini." Nikaisoma neno kwa neno kama ulivyotaka, pamoja na habari ya Anastella, pamoja na kulala stoo. Nilipofika kwenye tofali lililovaa suti mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

Nilipomaliza mzee Alexander akanyanyuka kwa mkongojo wake.

"Barua nzuri. Umeipata lini, katibu?"

"Mwaka jana, mzee."

"Mwezi gani?"

"Wa pili."

"Na simenti tulipiga mwezi gani?"

"Wa saba."

Nilitamani anitukane. Akainua suruali kidogo akatazama kifundo cha mguu wake, kisha akakaa. Waumini walianza kunong'ona, na mjumbe yule wa utani akasema kwa sauti, "Ametuzika wote hai!" Nilisema tu kwamba Nkwabi hakupunja kitu, na kwamba nilikuwepo alipofukuzwa na nilinyamaza.

Ndipo mama Roza wa WAWATA akasimama katikati ya kelele zile. Ndiye yule bibi aliyelia Desemba. Hakunitazama. Akasema, "Soma tena pale pa makombe. Kuni kwanza, au makombe kwanza?" Nikasoma tena. Akasema, "Taratibu, wengine tunaandika."

Kamati ilikaa baada ya misa. Mimi si katibu tena. Faili nimelikabidhi leo saa nne asubuhi. Kabla ya kulikabidhi waliniagiza kazi mbili za mwisho. Ya kwanza ni barua ya kumsafisha fundi Nkwabi, yenye mhuri wa parokia, nimeiambatisha hapa, naomba umpe mkononi. Ya pili ni kukualika wewe. Mzee Alexander ametaka pia nikuandikie kwamba alama ya mguu bado anayo, na kwamba hakujua kwa nini hukuja msibani.

Sitaki uje ukidhani mambo mengine yamebadilika. Nilimuuliza Padre. Alisema kupiga lipu ni kazi na kila mwenye mkono anakaribishwa, ila habari ya komunyo iko palepale. Nakuandikia hivyo hivyo alivyosema, sijaipunguza makali.

Mkija, msilale stoo. Nyumba yangu ina chumba cha mbele, na Jumamosi shemeji atasali humo bila mtu kumwuliza. Usipokuja, nitaelewa. Barua yako ya tarehe 2 Februari siwezi kukurudishia tena. Leo asubuhi imebandikwa mlangoni mwa kanisa kwa pini nne, na watu wanasimama kuisoma wakienda kisimani. Nimekunakilia kwa mkono kwa ajili ya Favour, iko ndani ya bahasha hii.

Alasiri nilishuka ufukweni. WAWATA walikuwa wameshaanza kuokota. Waliniachia kipande changu mwishoni, mbali na wao, karibu na matete. Nilijaza debe moja. Hakuna aliyeniongelesha, ila nilipokwama kujitwika, mama Roza alikuja akalishika upande mmoja, akaniinulia kichwani, akarudi zake.

Nimemaliza kuandika. Jana nilipata usingizi saa tisa kasoro kumi usiku. Leo sasa ni saa nne na nusu usiku, na ninakwenda kulala.

Mdogo wako,
Prudencia